Taa Chini ya Vitambaa

Mama mkwe wangu hawezi kuona kitu kiko uchi akanyamaza. Nyumbani kwetu televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, mtungi wa gesi una gauni lenye marinda, na rimoti ina koti dogo lililoziba kitufe cha kupunguza sauti, kwa hiyo taarifa ya habari tunaisikiliza sisi na mtaa mzima. Vyote kavifuma kwa mkono wake. Kikapu cha nyuzi kiko pembeni ya kiti chake, sindano ya kulabu iko kidoleni, na ole wako usogeze kitambaa ufute vumbi. Atakuja nyuma yako, atakirudisha palepale kilipokuwa, halafu siku hiyo atakula bila kusema neno.

Kwa hiyo tuliponunua gari la mimi kubebea abiria, nilijua kitakachofuata. Mume wangu ni mwoka mikate, hurudi nyumbani na unga mpaka kwenye nyusi, na siku zote yeye haoni tatizo. "Gari si kochi, mke wangu," akanicheka. Haikuchukua muda gari likapata vazi lake. Dashibodi nzima ilifunikwa kitambaa cha rangi ya maziwa chenye maua ya buluu, kimekazwa kwa uzi kila kona, na mbele ya usukani Mama aliacha madirisha mawili tu, moja la spidi na moja la mafuta.

"Na hizo taa nyingine, Mama?" nilimuuliza.

"Zipi? Dereva anataka kujua anakimbia kiasi gani na mafuta yamebaki kiasi gani. Hayo mengine ni umbea."

Mimi ni mwepesi wa hasira, kila mtu kituoni analijua hilo. Dereva mwenzangu akinichomekea barabarani, nashusha kioo nampa vidonge vyake, abiria apende asipende. Lakini mbele ya mama mkwe naufyata ulimi. Analala chumba cha pili, ndiye aliyeniuguza nilipoumwa mwaka ule, na moyo wake ni mwepesi kuumia. Nikasema ahsante, limependeza, na kweli lilikuwa limependeza.

Shida ni kwamba chini ya maua yale gari lilianza kulia. Ting! Nikiwasha, ting. Nikisimama kwenye makutano, ting. Abiria wakiniuliza ni nini, nawajibu kuwa ni simu yangu.

Ningeendelea hivyo hivyo kama isingekuwa shule ya chekechea iliyo nyuma ya soko. Walikuwa wanatafuta dereva wa kuwachukua watoto asubuhi na kuwarudisha mchana. Gari langu ni la safu tatu za viti, refu, kama limetengenezwa kwa kazi hiyo. Kituoni abiria walikuwa wameadimika, na mimi na mume wangu tulishakubaliana kwamba mambo yasipobadilika gari litauzwa, nami nitarudi dukani kwa wifi yangu, nikae nyuma ya kaunta nikipima sukari na kusikiliza habari za ndoa za watu. Sikutaka. Napenda kuendesha. Nikishika usukani moyo wangu unatulia, na sijapata kitu kingine kinachonifanya hivyo.

Mwalimu Mkuu wa shule ile ni mama mrefu, mkavu wa maneno, anayekutazama juu ya miwani mpaka ukumbuke dhambi ulizozisahau. Alinisikiliza, akasoma leseni yangu mbele na nyuma, kisha akasema:

"Dereva aliyepita alibandika plasta juu ya taa za dashibodi yake ili zisimsumbue. Gari likachemka katikati ya njia, watoto wakakaa juani mpaka wazazi wakaja kuwachukua mmoja mmoja. Mimi sitaki dereva wa namna hiyo tena. Jumatatu mchana nitapanda mwenyewe kiti cha mbele, nikuone. Nataka mtu anayejua gari lake linamwambia nini. Na uje na mtu mzima wa kukaa nyuma na watoto."

Nilitoka pale nikarudi garini. Gari langu lilikuwa linaniambia ting, na mimi nilikuwa sijui linataka nini.

Siku hiyohiyo niliegesha uani, nikaacha injini ikiwaka, nikachukua kisu kidogo cha jikoni nikaanza kulegeza uzi wa kona moja taratibu. Nikachungulia. Huko ndani kulikuwa kumewaka kama ukumbi wa harusi! Kulikuwa na spana ya manjano, na kitu kingine cha manjano kama chungu kilichopasuka chenye alama ya mshangao katikati.

"Unamvua nani nguo mchana kweupe?"

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kioo cha dirisha, kikombe cha chai mkononi. Nilijua nimekwisha. Nikamweleza yote kwa haraka, habari ya kazi, ya Mwalimu Mkuu, ya plasta, ya duka la wifi. Nilisema mpaka nikaanza kulia kidogo, na mimi si mtu wa kulialia. Alinisikiliza, akanywa funda moja la chai, akatazama uzi niliokuwa nimeulegeza.

"Kwa hiyo kitambaa changu ndiyo plasta," akasema.

"Sikusema hivyo, Mama."

"Hukusema." Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilibaki pale na kisu changu kama mwizi wa kuku. Lakini kabla sijaondoa gari kwenda kwa fundi, alitoka akiwa amejifunga kilemba cha kutokea, mkoba kwapani, akafungua mlango wa mbele akakaa. "Twende," akasema. "Mimi nataka kuyasikia hayo kwa masikio yangu."

Fundi wetu tunamwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu tumfahamu. Anaongea akiwa chini ya gari, anaongea akiwa na spana mdomoni. Nilipomwambia tunataka kujua maana ya taa, alifuta mikono kwenye ovaroli kwa furaha kama mtu aliyekaribishwa jukwaani.

"Usiwashe injini," akasema. "Zungusha ufunguo nusu tu."

Nilizungusha. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembeni, na taa zote zikawaka kwa pamoja, nyekundu, manjano, kijani, nyingine sijawahi kuziona. Mama mkwe akashika kifua.

"Ewe mtoto, mbona hukuniambia gari lina mapambo yote haya?"

"Hapo linajikagua, Mama," Kimya akamwambia. "Linazionyesha zote kuwa zinafanya kazi. Ukiwasha injini zinatakiwa zizimike. Itakayobaki, hiyo ndiyo ina neno na wewe. Na rangi ndiyo inakwambia neno lenyewe lina haraka gani. Nyekundu, simama sasa hivi, mahali salama, usibishane nayo. Manjano, njoo kwangu mapema, lakini huna haja ya kupiga kelele barabarani. Kijani na buluu zinakupa habari tu, kwamba taa umewasha, kwamba indiketa inafanya kazi."

"Na hili birika?" Mama akauliza, kidole kikigusa kioo.

"Hiyo ni oili, Mama. Si birika."

"Lina mkono, lina mdomo, na tone linadondoka. Ni birika."

"Haya, birika. Hilo likiwaka jekundu uko safarini, zima injini papo hapo, hata kama nyumba yako unaiona pale mbele. Ukisema nifike kwanza, utafika bila injini."

Hapo nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Michoro ya Mama ya kufuma hutoka kwenye magazeti ya kigeni ambayo hawezi kusoma hata neno lake moja. Yeye anasoma alama: kiduara ni mnyororo, msalaba ni fundo fupi, mshale ni kugeuka. Sasa alikuwa anazipitia taa za gari langu kwa macho yaleyale. Betri aliitambua bila kuambiwa. Kipimajoto kilichozama majini alisema ni maji ya injini yanachemka, na Kimya akapiga makofi. Mtu aliyekaa na mpira mkubwa kifuani alisema ni mjamzito. Ilikuwa ni mfuko wa hewa wa kumkinga dereva kwenye ajali, lakini Kimya hakuwa na moyo wa kumsahihisha moja kwa moja.

"Kumbe ni mchoro tu!" Mama akasema. "Umbea gani, hii ni kazi ya mtu aliyekaa akafikiri."

Injini ilipowashwa zikabaki zilezile mbili. Chungu kilichopasuka kilikuwa tairi la nyuma lililopungua upepo, likajazwa. Spana ilikuwa inakumbusha kwamba muda wa kubadilisha oili umefika, na Kimya akabadilisha huku akitusimulia maisha ya kila mteja aliyechelewa kubadilisha. Alipomaliza, nikawasha. Spana bado imewaka vilevile.

Hasira ikanipanda. "Kimya, umeweka oili au umeweka maneno? Taa hiyo hapo!"

"Dada, tulia. Gari halioni oili. Linahesabu safari tu tangu mara ya mwisho. Ni kama kalenda ya ukutani: usipochana karatasi, jana itabaki pale hata jua lichomoze. Sasa tunachana karatasi." Akabonyeza kitufe kidogo kando ya kipimo cha spidi, akakishikilia, akaniambia nizungushe ufunguo. Tukasubiri. Spana ikapepesa, ikazimika, na dashibodi ikawa safi kabisa. Nilimwomba radhi. Akasema amezoea, wake wote wa waoka mikate ni wakali, jambo ambalo sidhani kama amelifanyia utafiti.

Tuliporudi nyumbani Mama hakuvua hata kilemba. Alikifumua kitambaa chote cha mbele ya usukani akaanza upya. Hadi Jumapili jioni kilikuwa tayari, na mpaka leo sijaona kazi kama ile. Kila taa ilikuwa na dirisha lake dogo, zenye habari ya haraka zimezungushiwa uzi mwekundu, za kumwona fundi uzi wa manjano, za habari tu uzi wa kijani. Juu ya kila dirisha kulikuwa na kilango cha kufuma chenye kishikizo.

"Vilango vya nini, Mama?"

"Zikikuchosha unazifunga. Haya, washa tuone."

Niliwasha. Zote ziliwaka kwenye madirisha yao, zikapendeza kweli, halafu zikazimika.

"Mbona zimezimika? Nimefuma kwa ajili ya nini?"

"Zikizimika ndiyo vizuri, Mama."

"Basi zima uwashe tena." Nilifanya hivyo mpaka mume wangu akatoka nje kuuliza kama betri tumeipata bure.

Jumatatu mchana tukaenda. Nilikuwa nimeliosha gari mpaka chini ya mazulia. Mama ndiye mtu mzima wa kukaa nyuma, na alijiandaa kama anaenda kupokea wageni wa serikali. Nikamwacha garini mbele ya lango la shule, nikaingia ofisini kumwita Mwalimu Mkuu. Alinichelewesha pale, kila mtoto alilazimika kuaga kwa jina, kufungwa kamba za viatu, kurudishiwa kikombe chake cha plastiki.

Tuliporudi garini na watoto, Mama alikuwa na uso wa mtu anayeficha kicheko.

"Tazama," akasema.

Breki ya mkono ilikuwa imevaa soksi. Nasema soksi, lakini lilikuwa vazi kamili, jeupe, nene, lililofumwa mara mbili, na chini kwenye shina lilikuwa na kola ya marinda imeshonwa ikakaza. Alikuwa ameifuma chumbani kwake mlango umefungwa, ili anishtue kwa furaha siku yangu kubwa. Watoto walipiga kelele wakitaka kuishika. Hata Mwalimu Mkuu aliigusa kwa kidole, akasema, "Kazi safi." Nilimshukuru Mama, na nilifurahi kutoka moyoni.

Watoto wakafungwa mikanda. Mwalimu Mkuu akakaa mbele, mkoba magotini. Nikazungusha ufunguo nusu, taa zote zikawaka, watoto wakasema aaa. Nikawasha injini. Zikazimika zote isipokuwa moja, ya breki, kwenye dirisha lake lenye uzi mwekundu. Hiyo ni kawaida breki ya mkono ikiwa imevutwa, kwa hiyo nikaishusha. Taa haikuzimika. Nikaivuta, nikaishusha tena. Ikanitazama vilevile.

Kutoka pale alipokaa Mwalimu Mkuu, madirisha yale hayakuonekana vizuri, usukani ulimziba. Mama, ambaye alikuwa ameinama katikati ya viti viwili, aliiona. Akaninong'oneza sikioni:

"Funga kilango, mwanangu. Tufike kwanza, utamwona Kimya baadaye."

Kidole changu kilikuwa kimeshagusa kishikizo. Niseme ukweli, nilifikiria. Nililifikiria duka, mizani ya sukari, gari kuondoka uani na mtu mwingine usukanini. Halafu nikazima injini.

"Mwalimu, siwezi kuondoka," nikasema. "Taa ya breki imebaki. Ni nyekundu. Sijui bado ni nini, lakini siwezi kuwabeba watoto nikiwa sijui."

Mwalimu Mkuu alitazama saa yake, akatazama lango, akafungua mkoba akaufunga. Nilijua kazi imeniponyoka. Nikampigia Kimya simu, nikaiweka kwenye spika.

"Breki ya mkono umeshusha? Umeshusha. Haya, fungua boneti, kuna kichupa cha mafuta ya breki..." Nilifungua nikatazama; mafuta yalikuwa juu ya mstari unaotakiwa. "Safi. Ukikanyaga, pedali ngumu au inazama? Ngumu. Basi breki zako nzima. Sasa niambie, huo mkono wa breki umeshuka mpaka chini kabisa? Mpaka unagonga? Maana ukibaki juu hata kidogo, gari linajua bado umevuta."

Nikaubonyeza. Ulishuka, halafu ukainuka taratibu kama mtu aliyekalia mto. Marinda ya ile kola yalikuwa yamebanwa chini yake.

Mimi, ninayewajibu madereva wa malori, nikayainua marinda kwa kidole, kisha nikayaachia. Ningesema nini mbele ya watu? Kwamba zawadi ndiyo shida? Nilimwona Mama kwenye kioo cha ndani. Alikuwa ameelewa kabla yangu, maana uso ulikuwa umemshuka.

"Ni soksi yangu," akasema.

"Mama, tutaitoa polepole, nyumbani utairudishia..."

"Imeshonwa. Haitoki."

Mwalimu Mkuu akasafisha koo. "Ofisini nina mkasi."

"Hakuna mkasi utakaogusa kazi yangu," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya mtu aliyesogezewa kitambaa. Nikafumba macho. Sasa nimepoteza kazi, na nyumbani tutakula kimya mpaka mwaka uishe.

Nilipofumbua, Mama alikuwa amejipenyeza mbele katikati ya viti. Vidole vyake vilitafuta shinani, vikapata ncha ya uzi, vikafungua fundo. Akavuta. Mstari mmoja wa marinda ukaachia, prrr. Akavuta tena. Akampa ncha mtoto aliyekuwa karibu naye, mwenye mapengo mbele. "Vuta, bibi yako anakuruhusu." Mtoto akavuta, akampa mwenzake, naye akampa wa nyuma, na soksi ikaanza kuyeyuka mbele ya macho yetu, mzunguko kwa mzunguko, uzi ukipita juu ya viti, ukizunguka shingo za watu, ukimkamata Mwalimu Mkuu miwani. Watoto walicheka mpaka mmoja akapata kwikwi. Mama naye akacheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado anacheka, anavuta.

Mkono wa breki ukaanguka chini wenyewe. Tak! Nikawasha injini. Taa zikawaka zote, zikazimika zote.

"Imezimaaa!" watoto wakapiga kelele, na kwenye simu tuliyoisahau Kimya akauliza, "Imezima? Mbona hamniambii?"

Mwalimu Mkuu alijinasua uzi kwenye miwani taratibu. "Yule aliyepita," akasema, "angekuwa ameshafika mtaa wa pili." Kisha akavuta mkanda wake akaufunga. "Tuondoke, wazazi wanasubiri. Na kesho asubuhi usichelewe. Huyu bibi pia aje, watoto wameshamzoea."

Tulimrudisha kila mtoto kwao, kila mmoja akishuka na kipande cha uzi mweupe ambacho hakutaka kukiachia. Mwalimu Mkuu tukamshusha langoni kwake. Mama akahamia kiti cha mbele, akaweka magotini nyuzi zilizobaki, akaanza kuzizungusha ziwe donge. Tulikwenda hivyo kwa muda, sote wawili tumechoka kwa furaha.

"Ulikuwa tayari kuikosa kazi," akasema. "Kwa taa moja. Na mimi nimekwambia ufunge."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini? Umeniogopa miaka yote. Leo ndiyo ukaamua kunikatalia?"

"Ulikuwa umekaa nyuma, Mama," nikamwambia. "Na wewe ulikuwemo."

Mikono yake ikasimama. Sikumgeukia, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa na barabara ilikuwa na watu. Tulipofika kona ya nyumbani Mama akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye gia, kizito, chenye joto, akakiacha hapo mpaka tukaingia uani.